Ile siku nilishindwa kuitikia wimbo

Nianze na wimbo maana ndio ulionifungua macho. Kama unakaa Dar unazijua hizi klabu za jogging, Jumapili saa kumi na mbili asubuhi barabara imejaa fulana za rangi moja, mbele kuna mtu na filimbi, pembeni kuna vijana na vitambaa vyekundu wanazuia bodaboda, alafu kuna yule mwimbishaji anatupa mstari kundi zima linaitikia. Ni ule ule mchakamchaka wa shule ya msingi, tofauti ni kwamba sasa hivi hakuna mwalimu wa zamu na fimbo, na mwisho wa safari kuna supu na chapati mbili ambazo zinarudisha kila kitu ulichokitoa na chenji juu. Hiyo ya supu ntaiacha, ina post yake.

Nilijiunga mwaka jana, huku Tabata, na aliyeniburuza ni wifi yangu. Huyu wifi ni dada wa mume wangu, tumepishana miezi minne, wote tulikuwa na 38, wote tunashinda tumekaa, yeye kwenye duka lake la dawa na mimi kwenye mahesabu ya ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na wote tulikuwa tukipanda ngazi tunafika juu tunajifanya tunatafuta funguo kwenye pochi ili mtu asijue tunahema. Akaniambia wifi twende, hiyo presha ya mama mkwe usisubiri ikukute na wewe. Nikanunua raba, nikaenda.

Sasa wiki ya tatu, kile kipande cha kupandisha kuelekea Kinyerezi, mwimbishaji akatupa mstari, nikafungua mdomo niitikie, kimya. Hakuna sauti iliyotoka. Nikajaribu mstari wa pili ikatoka pumzi kama ya pampu ya baiskeli. Kichomi hapa ubavuni, masikio yanapiga ngoma, na hapo hapo pembeni yangu wifi anaitikia, anapiga makofi, tena anaongeza vibwagizo vyake ambavyo kwenye wimbo havipo. Tuko mstari mmoja, bega kwa bega, spidi moja.

Kwa akili yangu ya wakati ule nikajiambia tatizo ni uvivu. Yaani mwenzangu anaweza kwa sababu anajituma, mimi siwezi kwa sababu sijitumi, na grupu letu la WhatsApp lilikuwa linanithibitishia hivyo hivyo kila asubuhi, picha za misuli na maneno ya hakuna visingizio. Kwahiyo nikaongeza siku. Kutoka Jumapili peke yake nikawa nakimbia siku nne, zote kwa spidi ya klabu au juu yake kidogo, na juu ya hapo nikaenda kujiandikisha jimu.

Jina la jimu nalifungia kabatini. Kijana wa pale mstaarabu tu, ila alinipa karatasi iliyotolewa kopi mpaka herufi zimefifia: skwati 15 mara tatu, pushapu 10 mara tatu, planki dakika moja, kuruka kamba 200, mashine ya kukimbia dakika 20. Jamaa aliyekuwa mbele yangu, mabega kama mlango wa kontena, karatasi hiyo hiyo. Mama mmoja mtu mzima aliyekuja anachechemea goti, karatasi hiyo hiyo. Hakuuliza umri, hakuuliza presha, hakuuliza mara ya mwisho kukimbia ilikuwa lini (mwaka 2004, UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, na nilitolewa raundi ya kwanza).

Mwezi mmoja na nusu baadae mfupa wa mbele wa mguu, huu ugoko, ukawa unauma kiasi kwamba ukiugusa kwa kidole tu unaruka. Asubuhi natoka kitandani natembea kama nakanyaga misumari. Nikalala benchi wiki tano. Mume wangu akasema si upumzike tu mama, mazoezi sio ya kila mtu, na kusema kweli hiyo sentensi iliniuma kuliko ugoko.

Alieniokoa ni mdogo wangu, anasoma fiziotherapia Moshi, alikuja likizo mwezi wa nane. Nikamweleza kila kitu, siku nne, kamba 200, kilima cha Kinyerezi, akawa ananiangalia tu. Alafu akasema, "Dada, wewe unakimbia mbio za watu."

Akanitoa nje jioni tukatembea kuelekea sokoni, hatua za haraka, akaniambia nipigie stori ya yule ng'ombe wa baba aliyeingia kanisani. Nikawa naongea freshi. Akasema sasa tukimbie mdogo mdogo, endelea na stori. Dakika moja na nusu, ng'ombe hata mlangoni hajafika, nikakatika. Akaangalia saa, akasema basi nimeshapata ninachotaka, na hicho ndio kipimo chote, hakuna mashine. Kanuni yenyewe iko hivi: ukiweza kuimba huku unakwenda, mwili unafanya kazi nyepesi. Ukiweza kuongea ila kuimba huwezi, hiyo ni ya wastani. Ukiwa unatoa maneno mawili matatu unakata kuvuta pumzi, hiyo ni nzito. Kwahiyo ule wimbo wa Kinyerezi ulikuwa unatupima sote kila Jumapili na hakuna aliyekuwa anasoma majibu. "Shem pale yuko matembezini," akasema, "wewe uko fainali ya mita 800. Na unataka fainali siku nne kwa wiki."

Nilicheka ila iliniingia. Maana siku zote nilikuwa najua juhudi ni kitu unakiangalia kwa nje, nani yuko mbele, nani yuko nyuma, nani kaloa. Kumbe yule wa nyuma kabisa anaweza kuwa ndiye anayefanya kazi kubwa kuliko wote, na yule anayepiga makofi mbele hajaanza hata kufanya mazoezi.

Na hapo ndipo ilipomkuta wifi. Alikuja kula kwetu, akamuuliza dogo, shem na mimi niangalie basi, mbona miezi mitano sasa nimeganda, pumzi ile ile, kiuno kile kile? Dogo akamjibu bila hata kuacha ugali, "Wewe shem unaimba mno." Wifi alinuna mpaka matunda. Lakini ndio ukweli wenyewe, spidi ile ilimpa shida wiki mbili tatu za mwanzo, mwili ukazoea, moyo ukawa unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, miguu ikajua kuitumia hewa vizuri, na kazi iliyokuwa ngumu ikageuka ya bure. Mwili ukishaona kazi ni ya bure hauna sababu ya kujiongeza. Mimi nilikuwa nabomoa kuliko navyojenga, yeye alikuwa hajengi wala habomoi, na wote tulikuwa tunaambiwa neno lile lile, jitume.

Dogo akanitumia vitu vya kusoma, nikakesha navyo. Kuna utafiti mmoja mkubwa, unaitwa HERITAGE, matokeo yake ya mwaka 1999 yanawahusu watu 481 waliokuwa hawafanyi mazoezi, wakawekwa kwenye baiskeli za ndani wiki 20, siku tatu kwa wiki, ugumu wa kila mtu umepangwa kwa mapigo ya moyo wake mwenyewe. Programu moja. Kwa wastani uwezo wa mwili kutumia oksijeni ulipanda kama lita 0.4 kwa dakika, ila huo wastani unaficha mambo, kuna waliopanda kupita lita nzima na kuna ambao hawakupanda karibu chochote. Na karibu nusu ya hizo tofauti zilifuata ukoo, watu wa familia moja wanafanana. Nikamwambia mume wangu unaona, dada yako karithi mapafu ya kwenu, mimi sikuolewa nayo.

Ningeishia hapo ningepata kisingizio kizuri sana cha kurudi kwenye kochi. Mwili wangu hauitikii, Mungu ndivyo alivyoniumba, niletee chapati. Lakini kuna utafiti mwingine wa Zurich, Uswisi, wa mwaka 2017, watu 78, wakagawanywa makundi matano, wa kwanza saa moja ya baiskeli mara moja kwa wiki, wa pili mara mbili, mpaka wa tano mara tano. Wiki sita. Kundi la mara moja kwa wiki, zaidi ya nusu hawakuonyesha mabadiliko. La mara nne na la mara tano, kila mtu alipanda. Alafu wale waliogoma wakaongezewa vipindi viwili kwa wiki kwa wiki sita nyingine, na wote wakapanda. Wote! Nilisoma hiyo sehemu mara tatu. Yaani mgomo ulikuwa wa dozi, sio wa mtu. Wapo wanaopona na kidonge kimoja na wapo wanaohitaji viwili, na kitu pekee ambacho huwezi kufanya ni kumpa kila mtu kile kile alafu asiyepona ukamwita mvivu. Au asiyepona akajiita mwenyewe mgonjwa wa kudumu, ambalo nadhani ni baya zaidi.

Programu yangu sasa, mtu asiikopi tafadhali, ndio maana yote ya hii post. Tulianza na kukimbia dakika moja, kutembea dakika mbili, mara nane, siku tatu kwa wiki, na siku mbili za kukaa na kusimama kwenye kigoda cha jikoni, kupanda na kushuka vidole vya miguu kwenye ngazi, na pushapu za ukutani. Kamba alifuta kabisa kwa muda, alisema mapafu na misuli vinajifunza haraka ila mfupa ni mwanafunzi wa taratibu, unaweza ukawa na pumzi ya kwenda na ugoko bado haujajiandaa, na watu wengi wanaumia hapo hapo wanapoanza kujisikia vizuri. Nilipimwa presha kwanza, hiyo usiruke, hasa ukiwa umevuka thelathini na tano na kwenu ipo.

Utaona kama ni rahisi. Haikuwa rahisi. Dakika moja ya kukimbia halafu unatembea, mtaani kwako, mchana kweupe, watoto wa jirani wanakuhesabia, mama lishe wa kona anakuuliza mbona unaacha acha kama gari bovu, mimi nilikuwa naona aibu mpaka nikataka kukimbia tu ili nionekane. Kwa mara ya kwanza nikajua kuna juhudi ya kujizuia. Ni kazi kuacha kundi likupite. Alafu siku ya Alhamisi ilikuwa kinyume chake, dogo aliweka kitu kizito makusudi, sekunde 40 za kupandisha kilima kwa nguvu, mara sita, na hapo hakutaka kusikia habari za mwili wangu, alipiga simu toka Moshi kuuliza, "Dada, ilikuwa ngapi?"

Ngapi maana yake ni daftari. Kila siku naandika nilichofanya na namba moja mpaka kumi ya jinsi kilivyonichosha, moja ni kama nimekaa sebuleni, kumi ni kama ile siku ya wimbo. Profesa mmoja wa Sweden, Gunnar Borg, ndiye aliyetengeneza kipimo cha namna hii, cha kwake kinaanzia 6 mpaka 20 kwa sababu ukizidisha kwa kumi unakaribia mapigo ya moyo, 13 ni kama 130 hivi. Ya kwangu ni ya moja mpaka kumi, mahesabu nafanya ofisini inatosha. Alhamisi inatakiwa nane. Siku nyingine namba inatakiwa tatu au nne. Nikiandika saba siku iliyotakiwa kuwa tatu, simu inapigwa, nilikuwa napata maswali kama niko polisi, ulilala saa ngapi, ulikula nini, ofisini kuna nini. Mwisho wa mwezi ambapo tunafunga mahesabu namba zote zinapanda na mazoezi ni yale yale, na hizo wiki tukawa tunapunguza. Karatasi ya kopi haijui mwisho wa mwezi.

Nilinunua na saa ya Kariakoo inayopima mapigo. Ikawa inapiga kelele kila nikikimbia, umezidi, umezidi, maana yenyewe inatoa 220 kutoa umri, kwangu 182, ndio inapanga kila kitu hapo. Dogo akasema hiyo ni hesabu ya wastani wa watu wengi, mtu mmoja mmoja anaweza kuwa juu au chini kwa mapigo kumi na zaidi na wala asiwe na ugonjwa wowote. Nikaizima kelele. Sasa naitumia kuangalia mapigo nikiamka tu, na saa za kawaida, kwa ajili ya kuchelewa kazini.

Watu wanapenda kuniambia mbona mabingwa wote wanafanya mazoezi sawa. Hapana jamani. Chukua hao wa jirani hapo Kenya. Eliud Kipchoge alikimbia marathoni ya Berlin 2022 kwa saa 2:01:09, anajulikana kwa kuzunguka kilomita 200 na kidogo kwa wiki, nyingi ziwe za taratibu, kwa utaratibu ule ule miaka na miaka. Marehemu Kelvin Kiptum akaja kukimbia marathoni ya Chicago 2023 kwa saa 2:00:35, na kocha wake alisema walikuwa wanapita kilomita 250 kwa wiki, wiki nyingine zinagonga 300. Hao ni watu wawili kutoka ukanda mmoja, mbio moja, wametofautiana sekunde 34, na njia hazifanani. Kama hao hawavai kiatu kimoja, mimi wa Tabata na jamaa mwenye mabega ya kontena tunawezaje.

Jumatatu ya tarehe 15 Septemba 2025 tumeamka, Alphonce Simbu, kijana wa Singida, kachukua dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo, 2:09:48, na Mjerumani Amanal Petros kapewa muda huo huo, wametenganishwa na picha, sehemu tatu za mia za sekunde, hata kupepesa jicho ni ndefu. Grupu likalipuka. Kila mtu anaandika kujituma ndiko huku, na ni kweli, ila mimi nikawa naangalia miaka. Huyu alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio 2016, shaba mashindano ya dunia London 2017, alafu dhahabu 2025. Miaka nane katikati. Nani alikuwa anaandika kwenye grupu miaka hiyo nane? Mimi wakati huo niko wiki ya tano, nakimbia dakika tatu natembea mbili, nikajisemea acha niendelee na daftari langu.

Matokeo, maana najua ndio mnasubiri. Wiki ya 16 nilikimbia dakika 25 bila kusimama. Mapigo asubuhi yalikuwa 84, sasa ni 71 mpaka 73. Ngazi za ofisi, ghorofa ya nne, nafika nasalimia. Kilo zimepungua mbili, ndio, mbili tu, na kila shangazi anayekuja ananiambia mbona hujapungua, nami namwambia karibu chai. Ugoko umetulia, kamba nimeanza tena, 30, sio 200. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 za wastani kwa wiki au 75 za nguvu, pamoja na siku mbili za misuli, na nimegundua sasa hivi nazifikisha bila kufikiria, kwa sababu wastani ni wa kwangu, siazimi wa mtu.

Wifi na yeye baada ya kununa wiki mbili alimtumia dogo meseji usiku, shem nipe basi hiyo ya kwangu. Akapewa vitu vya kinyama. Jumapili anatakiwa apandishe Kinyerezi mara mbili, anafika juu kabla ya kundi, anashuka kulifuata, anapanda nalo tena.

Jumapili iliyopita nilirudi klabu kwa mara ya kwanza toka niumie. Nilikaa nyuma kabisa na wamama wa fulana za zamani, hatua ndogo ndogo, tukafika pale pale panapoanza kupanda, mwimbishaji akatupa mstari. Nikaitikia. Sio kwa nguvu, nilikula neno la mwisho, lakini ilitoka sauti ya mtu. Nikaangalia mbele kumtafuta wifi nione kama kanisikia, yuko anashuka kuja kwetu, mikono kiunoni, uso umeiva kama nyanya, mwimbishaji kamwelekezea kidole kabisa aitikie yeye, na wifi akatikisa kichwa tu, akanipungia mkono, akageuka kupanda tena.